Kugawana Mwenzangu wa Vinyoya

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na mitatu, maji ya mto Nyando yaliingia kwetu Ahero yakabeba mpunga na ghala, yakamwachia baba yangu homa ambayo haikumtoka mpaka tukamzika. Shule niliishia darasa la nne. Sikufukuzwa na sikufeli. Asubuhi moja nilienda mtoni kuchimba mchanga badala ya kwenda darasani, na kesho yake nikaenda tena. Naanza na hilo ili unayesoma ujue unasikiliza nani. Kila nilicho nacho nimekichimba, nimekibeba mgongoni au nimekinunua. Sikupewa.

Sasa, kitu ulichonunua hakikutesi. Ni chako, kimelala pale ulipokiweka. Kinachotesa ni kile ulichopata kwa sababu mtu fulani alikuchagua. Mimi nilifika uzeeni nikiwa sina kitu cha namna hiyo hata kimoja, halafu nikakipata, halafu nikakiona kinaenda kwa mwingine. Njaa naijua, mafuriko nayajua, lakini hiyo nyingine sikuwa nimejiandaa nayo.

Chuo kikuu cha hapa kwetu kilipojenga ukumbi wa michezo, mchanga na kokoto vilitoka kwangu. Nilipeleka lori baada ya lori nikidhani wanajenga kanisa, jinsi paa lilivyokuwa juu. Miaka ikapita, daktari wa hospitali akaniambia damu yangu imejaa sukari, nitembee kila siku au nijipange. Nikamweleza rafiki yangu mmoja wa biashara, Mhindi mwenye duka la vipuri vya magari mjini. Huyu amezaliwa Kisumu, baba yake alizaliwa Kisumu, na Kijaluo chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu walio Nairobi. Akasema kutembea ni kazi ya watu wasio na marafiki. Akanichukua kwa gari lake akanipeleka kwenye ule ukumbi wa mchanga wangu.

Jumanne na Alhamisi jioni, chuo kinawafungulia wafanyakazi wake na majirani wacheze badminton, ule mchezo wa vinyoya. Mimi nilikuwa nadhani ni mchezo wa wasichana wa shule za bweni. Unapewa raketi nyepesi kama upawa, na badala ya mpira mnapiga manyoya ya bata yaliyochomekwa kwenye kizibo. Nikasema moyoni, mkono huu umeshika koleo miaka arobaini, leo nitawaonyesha. Nikapiga hewa. Nikapiga tena, hewa. Kile kinyoya kinakuja na hasira yote, halafu kikifika mbele yako kinachoka ghafla, kinaanguka kama mtu aliyezimia. Ukikingoja kama mpira kimeshakupita.

Mhindi wangu alicheka mpaka akashikilia wavu. "Omera, ndugu yangu," akaniambia, "unapiga kinyoya au unachanganya simiti?"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wenzi. Angeweza kumchukua mtu yeyote pale. Alikuwa ameshika raketi tangu utotoni, kwenye ukumbi wa jamaa zake. Alinichukua mimi. Miaka sita tulicheza wawili wawili, mimi mbele, yeye nyuma. Mchezo wa wawili una shida moja: kinyoya kikianguka katikati yenu, kila mmoja anadhani ni cha mwenzake, au wote wawili mnakirukia. Lazima mmoja aseme. Watu wengine pale walisema "yangu" na "yako". Sisi tulisema "mara" na "mari", kwa Kijaluo, maana yake ni hiyo hiyo. Akisema "mara", ni chake, mimi narudi nyuma hatua moja na kunyamaza. Mwishowe sikuhitaji hata kufikiri. Sauti yake ikitoka, miguu yangu inampisha yenyewe.

Tulikuwa tunashindwa vibaya. Nasema ukweli. Kila mwaka chuo kina kombe la wazi, wanafunzi, wafanyakazi na majirani pamoja, na kila mwaka sisi tulitolewa raundi ya kwanza na vijana wa kuweza kuwa wajukuu wetu. Baadaye tulienda kula samaki ufuoni, yeye anakula ugali na mboga kwa sababu nyama na samaki hagusi, na tunasimuliana jinsi tulivyoshindwa mpaka wenye hoteli wanatuomba tupunguze sauti. Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa kombe.

Mwaka wa 2023 akaja yule mhadhiri.

Sitamsingizia. Alikuwa na adabu. Ametoka Pwani, anafundisha mambo ya kompyuta, na watu wanamwita daktari ingawa hawezi kukutibu hata mafua. Kiswahili chake kilikuwa kama cha redioni. Alikuwa na viatu vya kuvaa ndani ya ukumbi tu, anavitoa kwenye mfuko wake wa kitambaa kama vile ni mayai. Na kila akiniona alisema "Shikamoo, Mzee", kitu ambacho huku kwetu hatukisemi sana, na ambacho kilinifanya nijione nimezeeka miaka kumi kabla sijashika raketi. Lakini mkono wake, jamani. Alikuwa hapigi kwa bega kama sisi. Alikizungusha kifundo cha mkono kidogo tu, kama mtu anayefunga bomba la maji, na kinyoya kinaenda mahali usipokuwa. Nilikuwa namtazama na kumchukia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi kwake.

Wiki chache kabla ya kombe, Mhindi wangu aliniita pembeni, tukiwa tumesimama karibu na gari lake.

"Omera, mwaka huu kombe nitacheza na daktari."

Nikamuuliza mimi nimefanya nini.

"Hujafanya kitu. Na wewe nacheka. Na yeye naweza kushinda." Akafungua mlango wa gari, akaufunga tena. "Niko na miaka sitini na tano. Duka aliniachia baba, nyumba aliniachia baba. Sijawahi kushinda kitu hata kimoja mwenyewe. Jumanne tutacheza kama kawaida. Alhamisi nitafanya mazoezi na yeye."

Nikamwambia hakuna shida. Nilisema kama mfanyabiashara anavyosema akimwona mteja wake ametoka duka la jirani na mzigo. Halafu nikaenda nyumbani Mamboleo nikakataa chakula.

Mke wangu wa kwanza hapendi chakula chake kikataliwe. Aliniuliza kama ni sukari. Nikasema si sukari. Akaendelea kuuliza mpaka nikamwambia yote, nikidhani atanihurumia. Alivuta kiti, akaketi, akapangusa mikono yake kwenye leso taratibu.

"Kwa hivyo umepata nyieka," akasema.

Lazima nieleze hapa kwa wasiojua lugha yetu. Kwa Kijaluo wivu unaitwa nyiego, na mke mwenza wako unamwita nyieka. Ni neno lile lile limegeuzwa mkia. Wazee wetu hawakuenda mbali kutafuta. Na huyu mke wangu alikuwa na haki ya kulitumia, kwa sababu mimi nina wake wawili. Wa pili yuko Otonglo, ana duka lake sokoni, nilimwoa biashara iliponinyookea. Siku nilipomleta nilimwambia huyu wa kwanza kwamba yeye ndiye mikayi, mke mkubwa, nyumba yake hakuna wa kuigusa, kwa hivyo analia nini.

Alikuwa hajasahau. Alinirudishia maneno yale moja moja, kwa sauti yangu kabisa, mpaka kikohozi changu cha wakati ule alikiweka. "Wewe ndiye mikayi, Baba. Wa kwanza ni wa kwanza. Jumanne yako hakuna wa kuigusa. Sasa unalia nini?"

Nikamwambia ndoa ni ndoa na mchezo ni mchezo.

"Basi kama ni mchezo, kula."

Sikula. Sisemi kwamba kuoa wa pili lilikuwa kosa. Sikuona hivyo wakati ule na siandiki hivyo leo ili kuwafurahisha akina mama wanaosoma. Nasema tu kwamba jioni ile nililala njaa kwa sababu ya mchezo.

Alhamisi iliyofuata nilienda ukumbini bila raketi. Nilijiambia naenda kuangalia ufa kwenye ukuta. Nikaketi kwenye benchi. Nikawaona wawili wao uwanjani, Mhindi wangu nyuma, mhadhiri mbele, mahali pangu. Kinyoya kikapanda juu, kikawa kinashuka katikati. Mhindi akaita "Mara!" kwa mazoea. Mhadhiri, mtu wa Pwani, kwake "mara" ni haraka, ni sasa hivi. Badala ya kumpisha akaongeza mbio. Raketi zikagongana, uzi wa mmoja ukakatika, kinyoya kikaanguka kwenye viatu vyao. Wakarudia. Vile vile.

Siwezi kueleza utamu nilioupata. Niliangalia ule ufa wa ukuta mabega yakitikisika. Nilirudi nyumbani nikala sahani mbili, mikayi akaniuliza kama nyieka amefariki.

Lakini Alhamisi nyingine nikaenda tena, maana mtu mwenye wivu hajui kukaa nyumbani. Kinyoya kikapanda, kikashuka katikati, na mhadhiri akasema, "Mara." Akakipiga, wakapata pointi. Halafu kingine, akasema, "Mari," akarudi nyuma hatua moja. Matamshi yake yalikuwa laini kidogo, ya Kipwani, lakini neno lilikuwa ni lenyewe. Amefundishwa. Mhindi wangu amekaa naye chini akamfundisha.

Kumchukua mwenzangu lilikuwa jambo moja. Hilo la neno lilikuwa kama kuingia kwangu nikamkuta mgeni amevaa pajama yangu.

Kwa hasira hiyo nikajiandikisha kwenye kombe. Nilihitaji mwenzi, nikamwendea mwanafunzi mmoja wa uuguzi, msichana mrefu kutoka Bondo ambaye huchezea timu ya chuo. Mwenzi wake alikuwa ameumia kifundo cha mguu. Aliniangalia kutoka kofia mpaka viatu, akauliza kama nina bima. Nikamwambia nina malori mawili. Akasema malori hayachezi.

"Mzee, sikiza," aliniambia. "Wewe utasimama hapo mbele karibu na wavu. Kikija kwa uso wako, jikinge. Vingine vyote achana navyo, ni vyangu."

Kwa mpango huo, na ninaona aibu kuandika, nilivuka raundi ya kwanza kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Msichana yule alikimbia uwanja mzima peke yake, mimi nimesimama kama kigingi cha mpaka. Raundi ya pili tukapangiwa Mhindi wangu na nyieka.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi. Walikuwa wananipigia makofi, "Mzee! Mzee!" na mimi nilikuwa nimeamua. Nilikuwa sitaki kombe. Nilikuwa nataka Mhindi aone kwamba anayeshinda naye na anayecheka naye angeweza kuwa mtu mmoja, kama angesubiri. Tulipeana mikono juu ya wavu. Mhadhiri akanipa shikamoo yake. Mhindi akanikonyeza, nikatazama pembeni.

Tulianza vizuri. Msichana alikuwa na moto. Halafu kinyoya kikaenda juu upande wao, Mhindi akaita kwa sauti ile ile ya miaka sita, "Mara!" akakifyatua. Na miguu yangu ikarudi nyuma hatua moja.

Kinyoya kilianguka pale pale nilipokuwa nimesimama. Pale nilipompisha.

Nikadhani ni bahati mbaya. Baadaye kidogo akaita tena, nikapisha tena. Sikutaka. Kichwa kilikuwa kinaniambia simama, huyu ni adui leo, yuko ng'ambo ya wavu. Miguu haikusikia kichwa, ilimsikia yeye. Akisema ni chake, mimi naachia. Mhindi mwenyewe hakuelewa mwanzoni, lakini mhadhiri, kwa vile amesoma, alielewa mapema, akaanza kumwachia mwenzake kila kinyoya cha juu ili sauti itoke.

Msichana alinijia uso umelowa jasho. "Mzee, mbona unampisha? Ako upande ule."

Nikamwambia najua.

"Sasa kama unajua?"

Nikamwambia nimezoea. Tulishindwa seti zote mbili, ya pili hatukufikisha hata pointi kumi. Alinipa mkono, akasema nilijitahidi, kwa ile sauti ya wauguzi wakimfariji mgonjwa. Mhindi na nyieka walienda mpaka fainali wakashinda. Niliketi nikaona yote. Mhindi aliinua lile kombe dogo la bati kwa mikono miwili, akalibusu, mzee mzima mwenye duka, na mhadhiri amemshika bega. Mimi nilipiga makofi kama mtu anayejipangusa simiti mikononi.

Jumanne iliyofuata sikwenda. Jumanne nyingine pia sikwenda. Nilimwambia mikayi goti linauma, akaniuliza ni lipi, nikataja la kulia, na kesho yake nikachechemea kwa la kushoto. Alienda zake akicheka na kuku.

Jumanne ya tatu, Mhindi alikuja kwenye uwanja wangu wa mchanga hapa Mamboleo, mahali ninapouzia. Hakutaka kununua. Alipita kati ya malundo, akaketi juu ya matofali na suruali yake nyeupe ya michezo, wafanyakazi wangu wakimshangaa. Akasema amekuja kunichukua, ukumbi unafunguliwa saa kumi na moja.

"Si uende na nyieka," nikamwambia.

Nililitoa bila kufikiri. Nadhani aliligeuza neno ndani ya kichwa chake kwanza, halafu likamfikia. Alicheka mpaka nikaogopa atadondoka kwenye matofali. Dereva wangu wa lori alichungulia kuona kama kuna ajali.

"Nyieki ako kazini," akasema alipopata pumzi; nyieki ni nyieka wako. "Na leo si siku yake. Leo ni zamu yako, Omera. Mimi ni mtu wa haki, nalala kila nyumba kwa zamu yake."

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimwambia atoke kwenye matofali, yanauzwa. Halafu, kwa vile alikuwa ameshaanza kuinuka, nikamwambia kile kilichokuwa kimenikaa kooni tangu ile Alhamisi.

"Kucheza naye, cheza. Kombe mmeshinda, sawa. Lakini ulimpa neno letu."

Akaacha kucheka. Aliniuliza neno gani. Nikamwambia anajua. Akafikiri, nikaona kwamba kweli hakuwa anajua, kwake lilikuwa ni neno tu la kupiga kinyoya, na hilo likaniuma zaidi. Nikamweleza. Mimi, mtu wa lori na mchanga, nilisimama katikati ya wafanyakazi wangu nikimweleza mwanaume mwenzangu kwamba "mara" aliloniambia mimi miaka sita halikuwa la kumpa mtu mwingine, na kwamba miguu yangu ilinishinda mbele ya chuo kizima kwa sababu ya sauti yake.

"Kwa hivyo ulikuwa unanipisha," akasema polepole. "Nilidhani umechoka."

"Sikuchoka."

Alitazama viatu vyake, vimeshajaa vumbi jekundu la matofali. Akasema, "Nitamwambia atumie Kiswahili. Yeye ni mtu wa Pwani, ana Kiswahili cha kutosha."

Nikaingia ofisini nikachukua raketi. Sikumshukuru. Jioni ile tulishindwa na wafanyakazi wawili wa maktaba, na Mhindi aliniuliza kama simiti imeshika au bado.

Alhamisi yake nilienda, naam, nikakaa kwenye benchi langu. Kinyoya kikapanda, kikashuka katikati, na yule mhadhiri akasema, "Changu." Mhindi akajibu, "Chako." Walicheza vizuri kama kawaida. Wivu wangu haukuisha, na mtu akikuambia wivu huisha muulize alioa wangapi. Mwaka uliofuata walishiriki kombe tena pamoja, wakashindwa kwenye nusu fainali, na nilifurahi kuliko ilivyofaa.

Watu husema nihesabu baraka zangu. Nahesabu. Leo nina uwanja wa mchanga na kokoto Mamboleo, hati iko kwa jina langu. Nina malori mawili, moja linatembea na lingine liko gereji. Nina nyumba ya mawe ya mikayi na nyumba ya matofali Otonglo. Nina shamba la mpunga Ahero ambalo maji huingia mwaka mmoja na kuacha mwaka mwingine. Nina watoto saba waliosoma, wengine mpaka chuo kikuu. Nina mwenzangu wa vinyoya siku ya Jumanne. Nina raketi mbili, moja uzi umelegea. Nina ng'ombe wanne, mbuzi ambao idadi yao hubadilika, mashine ya kufyatulia matofali, na jozi moja ya viatu vya kuvaa ndani ya ukumbi tu.